Siku tatu Kampala kwa pesa kidogo: panga kabla hujapita Kasindi

Mtu wa Butembo akiaga kwamba anaenda Kampala, hakuna anayemwuliza ataona nini kule. Anaulizwa ataleta nini. Tunaenda kununua bidhaa, kupeleka mgonjwa, kusindikiza mtoto shuleni, kisha tunageuka haraka. Kuna wafanyabiashara wetu wamepita Kasindi mara nyingi kuliko walivyopita Oicha, na ukiwauliza juu ya Kampala watakuelezea vitu vitatu: parkingi ya basi, butike za Kikuubo na kitanda cha loji. Basi.

Lakini tukizungumzia safari ya kutembea tu, ya kwenda kuona mji mkuu wa zamani wenye wafalme, majumba na makanisa makubwa, mawazo yetu yanaruka mpaka Ulaya: Paris, Roma, Bruxelles. Tuhesabu kidogo. Tangu Juni 2024, ada ya kuomba visa ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na hata ukikataliwa hairudishwi. Unaongeza bima ya safari inayofikia euro 30,000, karatasi za banki, na tiketi ya ndege ya kwenda kwanza Kinshasa kupeleka hayo maombi. Unaweza kumaliza dola mia kadhaa kabla hujaona hata uwanja wa ndege wa Ulaya.

Kumbe mji wa wafalme tunao hapa karibu, tunaufikia kwa basi. Swali ni kuuendea kwa akili, ili pesa kidogo itoshe. Katika makala hii tunaeleza namna ya kupanga, hatua kwa hatua.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Safari yangu ya kwanza nilitoka Butembo kwa papara. Nilifika Kampala usiku wa manane, simu imezimika, mfukoni nina noti za dola tu. Motari wa kwanza aliyenishika mkono alinitajia bei, nikakubali. Loji ya kwanza niliyoona taa inawaka, nikaingia. Asubuhi nilihesabu, nusu ya pesa ilikwisha na sijaona kitu. Nilirudi nyumbani siku ya pili yake, na shangazi yangu kule Furu akaniuliza: “Sasa uliona nini?” Sikuwa na jibu. Kampala haikuwa ghali kiasi hicho. Kutopanga ndiko kulikula pesa yangu.

Hesabu siku kwanza, pesa baadaye

Wengi wanasema “siku tatu Kampala” na wanasahau barabara. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54 hivi. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kama 80. Hapo bado uko Congo. Kutoka Mpondwe, upande wa pili wa daraja, mpaka Kampala kuna zaidi ya kilomita 400. Ukitoka Butembo alfajiri na kulazimisha kufika siku hiyohiyo, utaingia Kampala usiku, na usiku ndio wakati kila kitu kinapanda bei.

Kuna jambo lingine wengi wanalisahau: saa. Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Ikiwa Kasindi ni saa sita ya mchana, hatua mia moja mbele, Mpondwe, ni saa saba. Basi uliyoambiwa inaondoka saa mbili ya asubuhi inaondoka kwa saa ya kule. Mtu asiyerekebisha saa yake anaachwa, kisha analipia usiku mwingine.

Kwa hiyo tunapendekeza mpango wa wiki moja. Jumatatu unatoka Butembo au Beni, unavuka mchana, unalala Bwera au Kasese. Jumanne unachukua basi ya asubuhi, unafika Kampala alasiri, jua bado liko juu. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni siku zako tatu za mji. Jumamosi unarudi mpaka Kasese au Bwera, na Jumapili unavuka mchana kurudi nyumbani.

Kulala Bwera au Kasese si hasara. Vitanda kule kwa kawaida ni rahisi kuliko Kampala, tena uko kwa ndugu. Bakonzo wa Kasese na sisi Banande ni mti mmoja, lugha tunasikilizana. Mpaka uliotutenganisha ulizungumzwa Bruxelles mwaka 1910, kati ya wakubwa wa Ulaya ambao hawakuuliza mtu wa Ruwenzori. Ukisalimia kwa Kinande katika soko la Bwera, utaona bei inavyolainika.

Chagua wiki pia. Siku za karibu na tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Kampala inajaa mahujaji na vyumba vinakuwa shida. Kabla ya Noeli na kabla ya shule kufunguliwa, nauli za basi zinapanda. Kama huendi kwa ajili ya sikukuu yenyewe, ziache wiki hizo.

Karatasi: hapa ndipo pesa inavuja mapema

Congo ilitia sahihi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Watu wengi walielewa kwamba tangu hapo mtu anavuka tu na karte ya mchaguzi. Hapana. Karatasi ya kuvuka kwenda sokoni Mpondwe na kurudi jioni ni jambo moja. Kufika Kampala, kupanga chumba na kununua laini ya simu ni jambo lingine. Kwa safari hii beba pasipoti ambayo bado ina muda wa kutosha.

Beba pia karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo fanya mapema, angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Katika mpaka watu wa usafi watakupima joto na kukunawisha mikono. Sisi tulioishi Ebola ya 2018 mpaka 2020 hapa Beni na Butembo tunajua sababu yake, hatuna haja ya kununa.

Kabla ya kutoka, pita kwenye biro ya DGM ya mji wako uulize masharti ya siku hizo: nini kinalipwa, nini hakilipwi, siku ngapi unapewa. Masharti hubadilika. Anayeenda akijua bei halali hadanganywi kirahisi.

Pale mpakani shika mambo matatu. La kwanza, usimpe mtu wa njiani pasipoti yako eti akupigie muhuri haraka. Ingia mwenyewe, panga foleni mwenyewe. La pili, kila unapolipa, omba risiti. Ukisikia hakuna risiti, uliza kwa upole hiyo ni malipo ya kitu gani. La tatu, kabla ya kuondoka dirishani, fungua pasipoti uangalie: muhuri wa kutoka Congo upo? Muhuri wa kuingia Uganda upo? Siku ulizopewa zinatosha? Muhuri uliokosekana siku ya kwenda unalipwa siku ya kurudi, na siku hiyo mfuko uko mtupu.

Tena, usipige picha daraja, askari wala majengo ya mpaka. Picha moja ya simu inaweza kukupotezea mchana mzima.

Barabara

Tarehe 16 Juni 2021, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walikutana mpakani Mpondwe na Kasindi kuzindua kazi za barabara, pamoja na kipande cha Kasindi mpaka Beni na kile cha Beni mpaka Butembo. Lakini lami haiondoi hatari. Barabara ya Beni–Kasindi imeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF, na familia nyingi hapa kwetu zinajua maumivu hayo. Kwa hiyo safiri mchana tu. Asubuhi ya safari sikiliza habari kwanza, uliza madereva waliotoka upande ule jana yake, na kama hali si nzuri, ahirisha. Usiku mmoja wa kungoja unalipika. Maisha hayalipiki.

Ukishavuka, basi za kwenda Kampala zinachukua moja ya njia mbili: ile ya Kasese, Fort Portal na Mubende, au ile ya kusini, ya Mbarara na Masaka. Kata tiketi kwenye ajansi ya basi yenyewe, siyo kwa mtu aliyesimama barabarani. Andika nambari ya basi, na begi lenye pasipoti na pesa likae mapajani.

Kabla ya Kasese, usilale. Kushoto una milima ya Ruwenzori, kulia mbuga ya Queen Elizabeth, na ndani kule ndiko kuna ziwa la chumvi la Katwe. Mababu zetu walikwenda huko kwa miguu kuchukua chumvi na kuileta mpaka milima ya Lubero, kabla ya barabara na kabla ya mpaka. Wewe unapita hapo umekaa kwenye kiti.

Pesa

Noti za dola zichague nyumbani. Kampala, noti ndogo na noti za zamani wanazibadili kwa bei ya chini, na noti iliyochanika kidogo au kuandikwa kalamu wanaikataa kabisa. Beba noti za 50 na 100, mpya na safi. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa inapata kati ya shilingi 3,500 na 3,700 hivi. Bei ya siku yako uliza kabla hujatoka, ili usikie mara moja mtu akikudanganya.

Mpakani badili kiasi kidogo tu, cha basi, chakula na kitanda cha usiku wa kwanza. Nyingine badilia Kampala, kwenye ofisi ya kubadilisha pesa yenye ubao wa bei mlangoni. Pitia mbili au tatu, linganisha, kisha ingia. Hesabu pesa yako mbele ya dirisha, bila haraka.

Gawa pesa sehemu tatu: ya leo mfukoni, ya safari begini, ya kurudi nyumbani mahali ambapo hutafungua mpaka Jumamosi. Ile ya kurudi isiguswe hata ukiona kiatu kizuri namna gani Owino.

Pa kulala

Kitanda ndicho kinakula sehemu kubwa ya bajeti. Wengi wetu tunakimbilia loji zilizo karibu na parkingi za basi. Ni rahisi, lakini kelele haziishi usiku kucha, na wezi wa simu wako wengi. Tafuta upande wa Mengo, Namirembe au Rubaga. Ni vilima vilivyo karibu na katikati ya mji, kuna nyumba za wageni, zingine za makanisa, na kama utakavyoona chini, mambo mengi ya kutazama yako hukohuko. Kila asubuhi utaokoa nauli.

Piga simu kabla, au mwombe mtu aliyekwisha kulala pale akupatie nambari. Uliza maswali manne: chumba ni cha watu wangapi, chai ya asubuhi imo au haimo, maji ya moto yapo, na bei ni ya chumba au ya kila mtu? Usilipe siku zote kwa mara moja kabla hujaona chumba.

Chandarua pia uliza. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, tumezoea baridi. Kampala iko chini, kwenye mita 1,200 hivi, kuna joto na mbu. Mtu anarudi na malaria, na pesa aliyookoa kwenye chumba inaishia kituo cha afya.

Na kwa ndugu? Ukiwa na mukubwa wako au dada yako anayeishi Kampala, hiyo ni baraka. Lakini usiite hiyo bure. Mwambie mapema utakaa siku ngapi. Peleka kitu cha nyumbani: maharagwe, unga wa muhogo, kahawa ya kwetu. Acha pia kitu kidogo cha jikoni siku ya kuaga. Ndugu anayeishi katika vyumba viwili na watoto wanne hatakuambia umemzidishia mzigo. Utaliona kwenye simu zake ambazo hazipokelewi safari ijayo.

Kutembea mjini

Kitu cha kwanza: Uganda magari yanapita upande wa kushoto. Sisi tumezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka. Kule tazama kulia kwanza. Si jambo dogo.

Usafiri wa bei nafuu ni taksi, yaani ile minibasi ya watu 14. Nyingi zinaanzia kwenye parkingi mbili kubwa za katikati ya mji. Uliza nauli kabla ya kuingia, na uulize abiria, siyo konda. Ukitaka kushuka unasema “maaso awo”, maana yake hapo mbele. Boda-boda, ile motari yetu, itumie kwa umbali mfupi na mchana, bei mmepatana kabla hujapanda, na kofia ya kinga kichwani.

Kiswahili kinasikika Kampala, na Julai 2022 serikali ya Uganda iliamua kukipa nafasi ya lugha rasmi. Lakini sokoni na kwenye taksi wanazungumza Luganda. Jifunze maneno machache: “ssebo” kwa mwanaume, “nnyabo” kwa mwanamke, “webale” ni asante, “ssente mmeka?” ni pesa ngapi. Mgeni anayesalimia kwanza kabla ya kuuliza bei anahudumiwa tofauti.

Siku ya kwanza: vilima vinne kwa miguu

Jumatano anzia Old Kampala. Juu ya kilima hiki, Desemba 1890, Kapteni Lugard wa Uingereza alipiga kambi yake, na mji wa leo ukaanza kukua kuzunguka hapo. Jina Kampala lenyewe linatokana na kilima cha swala walioitwa impala. Leo kuna msikiti mkubwa wa taifa, uliojengwa kwa msaada wa Gaddafi wa Libya. Wageni wa dini zote wanakaribishwa kwa tiketi. Mama atapewa kitambaa cha kujifunika. Panda mnara, ngazi zake ni kama 300. Ukifika juu utaona mji wote, na utaelewa kwa nini wanasema mji wa vilima saba. Huko juu panga njia yako kwa macho.

Shuka, panda Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana, la matofali mekundu, lililomalizika mwaka 1919. Karibu yake kuna hospitali ya Mengo iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Kwa sisi kuna sababu ya pekee ya kusimama hapa: Apolo Kivebulaya, mhubiri aliyeleta kanisa la Anglikana Boga, hapo jirani yetu Ituri, mwaka 1896, alikuwa Muganda. Alifariki na kuzikwa Boga mwaka 1933.

Endelea Mengo. Huko kuna Bulange, baraza la ufalme wa Buganda, na barabara iliyonyooka mpaka Lubiri, jumba la Kabaka. Mwongozaji atakuonesha pia vyumba vya chini ya ardhi ambamo watu waliteswa na kuuawa wakati wa Idi Amin. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na huyo Amin, lilishambulia jumba hili. Kabaka Edward Muteesa II akakimbilia London, akafia huko mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993. Anayetoka Beni hana haja ya kuelezwa sana. Anaelewa mji uliopigwa na watu wake wakabaki.

Malizia Rubaga, kanisa kuu la Wakatoliki. Humo amezikwa Joseph Kiwanuka, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1939, wa kwanza mweusi katika Afrika ya nyakati hizi. Siku nzima umelipa viingilio vichache, na nauli karibu hakuna.

Siku ya pili: makaburi ya Kasubi na jumba la makumbusho

Alhamisi asubuhi chukua taksi ya Kasubi, inapita pembeni ya Makerere, chuo kikuu kilichoanza mwaka 1922. Kasubi ni kama kilomita tano kutoka katikati. Hapa Kabaka Muteesa I alijenga jumba lake kati ya 1881 na 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Baadaye walifuata wengine watatu: Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Muteesa II. Nyumba kubwa ya nyasi inaitwa Muzibu Azaala Mpanga, na ndani ya paa kuna pete 52, kwa ajili ya koo 52 za Baganda.

Mwaka 2001 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia. Tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Ilijengwa upya kwa miaka mingi, kwa nyasi na miti na kwa kufuata miiko ya zamani, na Septemba 2023 ikatolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kabla ya kwenda uliza kama nyumba kubwa inapokea wageni siku hiyo. Vaa kwa heshima. Mama avae kitenge au sketi ndefu, suruali haipokelewi. Viatu vinavuliwa mlangoni.

Kwenye kiingilio, hapa na kwengine, uliza kama kuna bei ya watu wa Afrika Mashariki, na onesha pasipoti yako ya Congo. Wakati mwingine anayeuza tiketi hakumbuki kwamba na sisi tumo sasa. Mkumbushe kwa upole. Tofauti inaweza kulipa chakula cha mchana.

Mchana vuka mji mpaka Kamwokya, kwenye Uganda Museum, iliyoanza mwaka 1908. Angalia ngoma na vyombo vya muziki, na nyumba za zamani zilizojengwa nje. Utatambua vitu ulivyoviona kwa bibi yako.

Siku ya tatu: Namugongo, kisha soko

Ijumaa asubuhi nenda Namugongo, kama kilomita 15 kutoka katikati. Ndipo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Mwanga, huyohuyo uliyeona kaburi lake jana Kasubi. Wakatoliki wanahesabu mashahidi 22, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao wana 23 na mahali pao hapo karibu. Mapapa watatu wamefika hapa: Paulo VI mwaka 1969, Yohane Paulo II mwaka 1993, na Fransisko mwaka 2015. Parokia zetu nyingi zina watoto wanaoitwa Kizito na Lwanga. Hapa ndipo majina hayo yanatoka.

Alasiri ni ya soko. Tumeweka Owino mwisho kwa makusudi. Ukianza na soko, siku mbili zingine hazitaonekana. Ingia na pesa uliyopanga tu, simu mfuko wa mbele, na ukumbuke kwamba mizigo mingi inakuwa bidhaa mbele ya DGDA pale Kasindi. Zawadi mbili tatu zinatosha.

Chakula

Asubuhi kula roleksi, chapati iliyokunjwa na mayai, inauzwa barabarani kwa shilingi elfu mbili au tatu. Mchana tafuta mahali wafanyakazi wanapokula: matoke na mchuzi wa karanga, maharagwe, samaki wa ziwa. Sahani moja inajaza. Tazama chakula kikitoka moto, maji kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Mgahawa wenye menyu ya picha mlangoni uache kwa wenye haraka.

Hesabu yote, kwenye karatasi

Hivi ni viasi vya kutenga, siyo bei za kudumu. Badilisha kufuatana na siku yako. Basi kwenda na kurudi, shilingi 120,000. Usiku nne Kampala kwa 60,000, ni 240,000. Usiku mbili Kasese au Bwera kwa 40,000, ni 80,000. Chakula siku sita kwa 25,000, ni 150,000. Taksi na boda siku tatu, 45,000. Viingilio na waongozaji, 80,000. Simu, 20,000. Jumla ni 735,000. Ongeza sehemu ya tano kwa mambo usiyoyatazamia, 147,000. Unafika 882,000. Dola ikiwa 3,500, hiyo ni kama dola 252.

Ukienda na rafiki mkagawana chumba, kila mmoja anaokoa 160,000 za vitanda, na pamoja na akiba yake anashuka mpaka kama dola 197. Pembeni weka usafiri wa upande wetu na malipo ya karatasi.

Dola 200 si pesa ndogo Butembo. Ni ada ya mtoto, ni mtaji wa kuanza biashara ndogo. Ndiyo maana hatumwambii mtu akope ili akatembee. Lakini wengi wetu safari ya Kampala tunaifanya tu, mwaka huu au ujao, kwa sababu ya biashara, ugonjwa au shule. Kuongeza siku moja ya vile vilima vinne juu ya safari hiyo kunagharimu kitanda kimoja, chakula na viingilio vichache. Na ukirudi, shangazi akiuliza uliona nini, utakuwa na la kumweleza mpaka chai ipoe.